Fundi Abbasi Hakumloga Mtu

Wasikilizaji wapendwa, Fundi Abbasi Mketo wa Ikwiriri tumemzika Ijumaa. Alikuwa fundi baiskeli. Hakuwa mchawi. Narudia, maana wengine mnanisikiliza huku mmenuna: hakuwa mchawi.

Alizaliwa Mohoro, akafunzwa kazi na baba yake. Zamani baiskeli zilikuwa karibu zote za aina moja. Kipuri cha hii kiliingia kwenye ile. Kisha biashara ikafunguliwa. Mwaka tisini na moja zikaanza kushuka za mtumba, zile za milimani, fremu nene, gia kibao. Nyingi zilikuja na foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, zilizopinda. Abdulrazaq, muuza vipuri pale sokoni, akaleta foki mpya za baiskeli za kawaida. "Foki ni foki," akawaambia wateja.

Foki si foki. Fundi Abbasi alichukua ukindu wa mkewe, jani la kusukia mikeka, akauzungusha kwenye shina la foki ya zamani, akaukata ncha zilipokutana. Kisha akauzungusha ukindu ule ule kwenye foki mpya. Ncha zikipandana, foki mpya ni nyembamba. Itacheza shingoni mwa fremu. Hapo alikurudishia foki yako, wala hakukubembeleza.

Siku moja akaja Ally wa Dimani, mbeba ufuta, na foki ya Abdulrazaq. Mwantumu, mjane wa marehemu, alikuwapo.

"Nilikuwa nasuka ukili wa mkeka," ananiambia. "Mume wangu akapima. Akasema, 'Rudisha, bwana. Ukipakia gunia kwa foki hii, utaanguka.' Ally akacheka: 'Mzee, wewe fundi au msuka mikeka?' Akamjibu, 'Msuka mikeka ni huyu mke wangu. Na hata yeye anaona haiingii.'"

Ally akaenda kwa fundi mwingine. Huyo akakata bati la kopo la maziwa, akalizungusha kwenye shina ili lijae, akapiga nyundo. Siku ya tatu, mteremkoni, na magunia mawili nyuma, bati likapasuka. Foki ikalala. Ally akavunjika mtulinga na meno matatu.

Nani alilaumiwa? Si muuza foki. Si mpiga nyundo. Alilaumiwa Abbasi, kwa sababu alisema "utaanguka".

Abdulrazaq alisimama sokoni akapaza sauti: "Kauli yake ndiyo iliyomwangusha! Na ule ukindu? Si ndio tunaopimia maiti kabla ya kuchimba kaburi?"

Kweli, kwetu maiti hupimwa kwa ukindu. Basi, watu wazima wakaamini. Ndugu zake Abbasi wakamsihi autupe ukindu ule, aombe radhi, yaishe. Akawauliza, "Niombe radhi kwa kusema foki haiingii?"

Wateja wakakatika. Miaka minne hakugusa baiskeli ya mtu. Mwishowe akafunga banda, akaenda kulima mpunga, na mikono ile ya ufundi ikaishia kwenye jembe.

"Walivuka barabara wakimwona," anasema Mwantumu. "Mama mmoja alimfunika mwanawe uso kwa kanga."

Mama huyo ni mimi, wasikilizaji. Jana nilimwomba Mwantumu radhi. Akanipa kiti. Sikustahili hata hicho.

Pole, Mwantumu. Poleni, wanawe Haidari na Sihaba. Mola amrehemu baba yenu. Nanyi mnaosikiliza, kabla hamjalala jiulizeni: aliyekuonya na aliyekuuzia, nani alikutakia mabaya?

Abdulrazaq, barua yako ya rambirambi imefika hapa studio. Umeandika "fundi wetu mpendwa". Sitaisoma. Kesho soko linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Simama pale pale ulipomwita mchawi, useme ulidanganya. Na upaze sauti kama siku ile.