Damu Namba 417

Fungeni mlango, wanangu, na wewe Leung weka simu chini, maana pumzi aliyobaki nayo mama yenu ni ya maneno haya tu, na nikikatizwa sijui kama nitaweza kuanza tena.

Nyumba hii gawaneni sawa. Hadubini yangu wapeni vijana wa kituo chetu cha kupima damu. Chungu cha samaki wa chumvi cha bibi yenu, nilichokificha miaka yote, mrudishieni shangazi, mwambieni nimemsamehe mama yake, aliyewalisha samaki yule kwenye uji wakati mimi nazunguka vijijini nikikataza watoto wasionjeshwe, maana huchochea saratani. Nilimnunia miaka kumi na moja. Kumbe mimi nimefanya baya zaidi.

Kazi yangu mnaijua: virusi vya herpes, si vile vya malengelenge ya mdomoni bali ndugu zao, ambavyo karibu kila mtu anavyo na havimsumbui, ila kwetu hapa kando ya Mto Xi vinaamka na kuleta saratani nyuma ya pua, iliyomuua babu yenu. Miaka thelathini na minne nimetoboa watu vidole, nikitafuta kwenye damu dalili kwamba vimeamka, ili mwenye dalili aangaliwe kila mwaka, maana ikiwahiwa inatibika.

Siku moja muuza bata mmoja akanipigia kelele mbele ya kijiji kizima, "Daktari Mak, damu zetu umezimaliza, za wanao unazifuga?" Watu wakaangua kicheko, nami kwa hasira nikawaita ninyi wawili mezani nikawatoboa. Leung ulilia, na ulikuwa na miaka ishirini na mitano.

Yako, Leung, ilikuwa safi. Yako, Ping, haikuwa.

Usiniambie nipumzike. Harusi yako ilikuwa imebaki mwezi mmoja, na nilijua mama mkwe wako akisikia angekuja kudai keki na kuku wake wote wa mahari, aivunje ndoa. Nikafuta jina lako kwenye karatasi ya majibu, nikaandika 417, nikajiambia nitakwambia ukishaolewa, kisha ukishajifungua, na miaka kumi na tisa imepita hivyo hivyo. Wanawake wa watu niliwagombeza kwa kuficha majibu kama hayo. Nilikuwa mwoga, mwanangu.

Kila Mwaka Mpya nilikuwa nakurekebisha kola, hata ukiwa umevaa fulana, mpaka ukachoka ukaniambia, "Mama, mimi si mwanasesere wako!" ukaacha kuja. Nilikuwa napapasa shingo, natafuta uvimbe. Miaka minne sijakupapasa.

Juzi ulipofika nilikuona unahamishia simu sikio la kushoto. Nikakuuliza, ukasema la kulia limeziba kama limeingia maji, tangu siku ya kusafisha makaburi. Tangu uniambie sijapata usingizi, Ping. Mnadhani naogopa kufa. Mimi naogopa hilo sikio, maana saratani ile ikianza huziba sikio la upande mmoja. Huenda ni mafua tu. Nimewaambia wengi hivyo, na wengine kweli yalikuwa mafua.

Nenda leo hii, kwa daktari wa masikio na pua, akutazame nyuma ya pua kwa kamera. Karatasi ya 417 iko chini ya droo ya cherehani, mpe. Nitukane njiani ukitaka, lia, lakini usirudi bila kutazamwa.

Maji, Leung... basi, yanatosha.

Leung, nikiondoka kabla Ping hajarudi, asivae nguo za msiba, asikae na maiti yangu kabla hajatazamwa, majirani waseme watakavyo. Wala nisichomwe mpaka aje na majibu ya daktari, ayasome kwa sauti hapa sikioni kwangu. Asome na jina lake. Jina lake lote, si namba.

Wazee wetu waliotangulia wawalinde... wawape miaka niliyo... wakupe wewe, Ping, wakupe mingi. Msigombane. Mle pamoja.

Ping. Sogea. Inama kidogo, nikurekebishe kola.

Hapana... vidole vimekufa ganzi, havihisi kitu. Nenda, mwanangu. Nenda sasa.