Goti la Papa Grégoire Mbele ya Maprofesa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kijiji chetu, Mchungaji na Mama Mchungaji, wazee wa kanisa mliokaa viti vya mbele, vile vyenye mgongo, Hajati Safiyah, uliyetoka Kakoba, kule mjini Mbarara, alfajiri ukapita katika vumbi lote hili na gauni jeupe, mama mzazi wa Nabintu, wanakwaya, majirani mliokuja kwa upendo, na ninyi mliokuja kwa harufu ya pilau, na wewe Nabintu, msomi wetu wa kwanza wa sayansi ya densi, mwenye sherehe hii: nawasalimu nyote katika jina la Bwana, na Hajati namwambia salama aleko.

Mnisamehe kwamba nazungumza nikiwa nje ya turubai. Jua hili sikulichagua. Mimi Grégoire Kabanda nimetengwa na kanisa, na mtu aliyetengwa haruhusiwi kushika kipaza sauti chini ya kivuli cha waumini. Kivuli bila kipaza sauti, anaruhusiwa. Kipaza sauti bila kivuli, anaruhusiwa. Vyote viwili kwa pamoja, hapana. Kanuni hiyo naijua vizuri, maana niliiandika mwenyewe nilipokuwa mwenyekiti wa Kamati ya Nidhamu. Ndugu yangu Musoni, aliyekuwa makamu wangu na sasa amekalia kiti changu, amepima hatua tatu kutoka kwenye kigingi akaniwekea jiwe nisivuke. Asante, Musoni. Ni jiwe zuri.

Amenipa pia karatasi. Nikiisoma mbele yenu leo, narudishiwa meza ya Bwana na kiti changu cha uzee. Nisipoisoma, nabaki nje mpaka nitakapoisoma. Imeandikwa hivi, nami naitaja tu, bado sijaisoma: "Mimi Grégoire najuta kucheza." Basi, kabla sijaamua, mniruhusu niwaeleze, hasa ninyi wageni, jinsi mzee wa miaka sitini na minne mwenye goti bovu alivyofikia kucheza mbele ya maprofesa wa Mbarara.

Nani kati yetu hakumbuki Jumapili ile barua ya Nabintu iliposomwa kwenye matangazo? Mimi ndiye niliyeisoma. Nikasema "chuo kikuu", mkapiga makofi. Nikasema "sayansi", akina mama wakapiga vigelegele. Nikasema "ya densi", na kanisa zima likasikia mbuzi wa jirani akitafuna. Nilirudia kusoma, nikidhani mashine ya chuo imekosea. Haikukosea. Jioni ile kamati ilikaa ili kumtenga Nabintu. Tulipekua kanuni zetu zote sita, hatukuona hata moja aliyoivunja. Basi tukaandika ya saba.

Kanuni ya Saba yasema kwamba kwenda kutoa matoleo ni kutembea, wala si kucheza, hata ngoma ikipigwa namna gani, na kiuno cha muumini kisisogee zaidi ya upana wa kitabu cha nyimbo kila upande. Tulitumia vikao viwili kujadili ni kitabu kipi, cha Kiswahili ao cha Kifaransa, kwa sababu kile cha Kifaransa ni chembamba na vijana wangeonewa. Mke wangu Madeleine alipita na chai akauliza, "Na benye habana kitabu, batapima na nini?" Tukapokea chai, tukaendelea na kikao.

Nabintu akaenda Mbarara akiwa ametengwa kwa kanuni hiyo. Alipanga kwa Hajati Safiyah, ambaye mnamwona hapa, mwuza vitambaa. Miezi ya mwanzo Hajati alikuwa akimsikia binti anaruka chumbani na kuhesabu moja, mbili, tatu, nne, akadhani ana pepo la hesabu. Siku moja akachungulia dirishani, kisha akaita jirani: "Kuja ona! Hii mutoto iko nasoma na miguu!" Toka siku hiyo alimwongezea ndizi kwenye sahani. Alisema miguu ya kusoma inakula kuliko kichwa.

Mwaka wa tatu Nabintu alirudi kwetu na sanduku la vifaa vidogo kama vifungo vya koti. Ukikifunga kimoja gotini na kingine kiunoni, vinaandika kila mwendo wa mwili wako. Utafiti wake ulikuwa juu ya watu wanavyokwenda kutoa matoleo, akahitaji waumini thelathini na mmoja. Mnadhani nilikataa? Nilifurahi sana! Nilisema, sasa sayansi yenyewe itashuhudia kwamba kanisa letu linatembea. Nikajitolea wa kwanza. Kumbe vile vifaa vina taa ya kijani. Katikati ya maombi mama mmoja aliona goti langu likiwaka ndani ya suruali, akapiga kelele kwamba Roho ameshuka, na watu kumi na wawili wakaokoka. Majina yao yangalipo kwenye daftari. Hatukuona sababu ya kuyafuta.

Majibu yakatoka. Kati ya watu thelathini na mmoja, thelathini walicheza. Aliyebaki ni Musoni, na kifaa chake kinaonyesha alikuwa amelala. Na nani aliwashinda wote kwa kucheza? Mwenyekiti wa Kamati ya Nidhamu. Vitabu viwili na nusu kila upande, tena vya Kiswahili.

Hilo ningeweza kulivumilia, maana kamati isingeweza kuwatenga thelathini wote. Lililonishinda ni goti. Wengi wenu mnajua goti hili liliumia njiani tulipokimbia vita kutoka Fizi, kule Kongo, na miaka kumi na moja sasa nachechemea. Kifaa kiliandika kwamba nilichechemea kutoka nyumbani hadi mlangoni mwa kanisa, nikachechemea hadi kwenye benchi, na ngoma ya matoleo ilipoanza, sikuchechemea hata hatua moja. Niliporudi kukaa nikaanza tena. Musoni akafungua faili, akaliandika juu "Kuhusu Goti". Wajumbe watano walikuja nyumbani, wakainama kulitazama kwa tochi mchana kweupe. Majirani walionilimia maharage wakaanza kunisalimu kwa ufupi. Na Madeleine, aliyenibebea jerikani za maji miaka yote hiyo, aliniangalia siku nzima. Ndugu zangu, nilikuwa sidanganyi. Lakini ningesema nini? Mimi mwenyewe nilikuwa sijui.

Kule Mbarara nako moto ukawaka. Maprofesa walimwambia Nabintu kwamba mtu hawezi kuwa kilema na mzima katika saa moja, kwamba amechanganya vifaa vya watu wawili, na kwamba utafiti wake ni bure. Angerudia mwaka, na mfadhili wake alikuwa hana mwaka mwingine wa kumpa. Miaka mitatu ya kusoma ingepotea kwa ajili ya goti langu. Walimwachia njia moja tu: amlete huyo mtu, wamwone kwa macho.

Akaja kwangu. Alisimama mlangoni, hakukaa. "Papa Grégoire, sikuje kukuomba musamaha. Nimekuja kukuomba ucheze."

Nikamwuliza, "Kucheza ao kutembea?"

"Kucheza, papa. Nikisema kutembea, nitakuwa nimebadanganya."

Nilitafuta namna ya kukataa kwa heshima. Madeleine akaniwahi kutoka jikoni: "Wende! Kama ile mguu ni ya bongo, ya kudanganya batu, ikajulikane kule. Kama si ya bongo, batu baache kukuangalia mubaya." Mnaomjua Madeleine mnajua kwamba baada ya hapo mtu huenda kutafuta viatu.

Tulilala kwa Hajati, na asubuhi tukaingia ukumbini, yeye akitusindikiza. Maprofesa watatu walikuwa wamekaa nyuma ya meza. Wakasema, "Mzee, cheza." Nikawaambia siwezi. Kwetu mtu hachezi hivi hivi; anakwenda kutoa matoleo. Kikapu kiko wapi? Wakatazamana. Profesa mmoja akavua kofia yake, akaiweka kwenye kiti kwa kuigeuza juu chini. Nabintu akafungua simu iliyokuwa na ngoma yetu, na simu ikazima. Wote tukaiangalia ile simu. Ndipo Hajati Safiyah, Mwislamu wa swala tano, akachukua sinia la chai la maprofesa, akamwaga vikombe pembeni, akapiga ngoma yetu ya matoleo bila kukosea hata pigo moja. Alikuwa ameisikia ukutani miaka mitatu.

Nikaenda. Niliweka fimbo chini na nikaenda hadi kwenye ile kofia, na kiuno changu Mungu anakijua. Sikuwa na kitu cha kutoa, nikatoa kitambaa cha jasho. Nilipogeuka, profesa wa kike alikuwa nyuma yangu kwenye mstari, ameshika kalamu. Nyuma yake alikuwa yule mwenye kofia, ambaye alitoa miwani yake kisha akashindwa kuona njia ya kurudi. Hajati akaacha kupiga sinia. Hatua iliyofuata, nikachechemea kama kawaida.

Nabintu aliwaeleza kwa Kiingereza, kisha akanieleza mimi kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayemwambia mgonjwa: "Papa, goti ilipona zamani. Yenye ilibakia ni boga, ile kuogopa ya njiani. Ngoma ikilia, mguu haipate nafasi ya kuogopa." Nililia pale pale, mbele ya watu wenye shahada. Miaka kumi na moja nilidhani nimebeba mfupa mbovu, kumbe nilikuwa bado nakimbia.

Alifaulu, na leo mnamwona na joho. Picha zilizopigwa pale ukumbini kwa simu za wengine zikafika hapa kabla yetu. Musoni akafungua Kanuni ya Saba, na kwa haki kabisa akanitenga. Simlaumu. Angefanya nini, na kanuni ina saini yangu?

Sasa, karatasi. Musoni, naikunja, ikae mfukoni mwako badala ya mwangu. Nyoosha mkono, usivuke jiwe. Siwezi kusema najuta kucheza. Nitabaki nje, na meza ya Bwana nitaitamani kila mwezi, na itaniuma. Lakini ipo hukumu nyingine ambayo hakuna aliyeitaja leo kwenye sherehe hii. Nabintu bado ametengwa. Kajifunza, kafaulu, kavaa joho, na bado hana ruhusa ya kuimba na wenzake hawa wa kwaya, kwa saini ile ile ya kwangu. Siwezi kuifuta, maana si mwenyekiti tena. Ninachoweza ni kusema ukweli. Nabintu, nilitafuta kosa lako nikalikosa, nikaliandika mwenyewe kwa mkono huu, kisha nikalisoma kwa sauti kana kwamba lilikuwepo. Miaka mitatu watu walikukwepa njiani kwa sababu yangu. Wewe ulinieleza mguu wangu bila kunicheka. Nakuomba unisamehe, hapa, mbele ya mama yako.

Asanteni nyote kwa kunisikiliza juani na kivulini. Nimemaliza yangu. Mpeni Nabintu kipaza sauti, aje naye huku juani kama kanuni inavyotaka, na chochote atakachonijibu, nitakisikiliza nikiwa nimesimama.