Sikio la Timonax

Benchi la nje ya kinyozi Smikithos, mtaa wa wafinyanzi pale Athene, halikuwahi kukosa mjuaji. Asubuhi hiyo aliyelikalia kwa maringo zaidi alikuwa Eumares mchonga mawe, ambaye mtaa mzima ulimwita Kidole, maana hakuna alichokitazama bila kukipima kwa vidole. Ng'ambo ya njia, uani kwake, ilisimama sanamu ya marumaru ya kijana Timonax, aliyekufa kwa homa. Ilikuwa iende kaburini, na mama mtu alikuwa njiani kuja kuikagua. Akiikubali, Kidole atakuwa fundi wa kutajwa. Akiikataa, atarudi kuchonga vinu, na hilo lilimtia hofu ambayo asingeikiri hata kwa kiboko. Kwa hiyo alikunywa divai ya wenzake na kuwadharau.

— Mnauona mguu wa kulia? Ndio uliobeba mwili. Wa kushoto umepumzika. Nyonga hii juu, bega hili chini, kichwa kimegeukia kulia, upande wa mguu unaofanya kazi. Kila kiungo kinamjibu mwenzake. Hiyo ndiyo kanuni.

— Mimi naona mtu anayesubiri zamu kisimani, alisema Drakes muuza samaki, au Magamba kama walivyozoea kumwita.

— Wewe unaona nini zaidi ya samaki? Kichwa kinaingia mwilini mara saba kamili. Saba!

— Kibua wangu kichwa chake kinaingia mara nne. Naye umchonge?

Smikithos, aliyekuwa akinoa wembe mlangoni, alicheka mpaka akaomba apimwe yeye. Kidole akainuka na kamba yake, akampima kidevuni hadi utosini, kisha utosini hadi kisiginoni.

— Sita na robo. Pole, jirani.

— Pole ya nini? Mke wangu hajawahi kulalamika.

— Hajui kuhesabu.

— Haya bwana, na hao wa saba wana faida gani?

— Faida? Kwani Waajemi walishindwa kwa nini? Mnadhani ni mikuki? Vichwa vyao vinaingia mara sita tu! Mtu wa sita atasimamaje mbele ya mtu wa saba?

— Uliwapima wakikimbia wao, au ulipokuwa unakimbia wewe? aliuliza Magamba.

— Cheka tu. Akili yako nayo imepungua vidole viwili.

— Na miungu je? Smikithos alidakia. Nao wana kamba yao huko mlimani?

— Miungu haipungui hata unywele. Ndiyo maana ni miungu.

— Acha hizo! Na Hefaisto, mungu mhunzi mwenye kiguru?

Kidole alichukia kukwama mbele ya watu wa sita na robo.

— Ndiyo maana mama yake alimtupa.

Hapo ndipo walipomwona Lisila, mama yake Timonax, amesimama nyuma yao na nywele zake zilizokatwa kwa msiba. Magamba akajitia kuokota zeituni iliyomdondoka. Kidole aliruka, akamvusha njia, akamweleza nyonga, bega na ile saba yake. Mama aliizunguka sanamu polepole, akaugusa mkono wake.

— Mzuri, alisema.

Kidole akashusha pumzi, akawatupia wenzake benchini jicho la ushindi. Mama akarudi mbele ya sanamu, akaita kwa sauti ndogo:

— Timonax.

Kisha akamgeukia Kidole.

— Fundi, mwanangu alikuwa kiziwi sikio la kushoto.

— Najua, mama.

Alijua kweli. Benchi zima lilijua. Smikithos alimnyoa miaka mitatu, na kila alipotaka kumpigia umbea alihamia kulia kwake.

— Ukimwita alikuwa anageukia kushoto, akutegee la kulia. Huyu amegeukia kulia, amenitegea lile bovu. Sasa nikija kaburini kumwita, atanisikiaje?

— Kanuni, mama, inataka...

Kidole aliitazama kamba mkononi mwake, akatazama ng'ambo ya njia apate msaada. Magamba alikuwa amekiinamia kikombe kisicho na kitu, na Smikithos alikuwa anafuta wembe uliokwisha kufutwa. Mama alisubiri. Alikuwa ameuliza kwa heshima, na alitaka kujibiwa.