Fundi Yakobo Mloka Hakurogwa

Ndugu, jamaa, majirani na watani mliopanda mpaka hapa Matombo, wakubwa wote shikamooni. Anayesoma ni Maneno, mtoto wa Kristina, dada wa marehemu. Kwetu Waluguru mpwa ndiye mrithi wa mjomba, kwa hiyo kusema ni wajibu wake. Mvumilieni akisema kwa ukali, maana tangu juzi kuna maneno yanazunguka matanga haya, na mwenye kuyajibu amelala sandukuni.

Yakobo Mloka alizaliwa hapa hapa Matombo mwaka 1884, mtoto wa pili wa mhunzi wa majembe. Alibatizwa misheni mwaka 1898, akasoma miaka minne. Kusoma alikupenda kiasi, lakini chuma! Alikuwa akitoroka darasani kwenda kuvuta mivukuto ya baba yake, akirudi na masizi mpaka masikioni, na mwalimu akachoka kumchapa.

Reli ilipofika Morogoro mwaka 1907 alipata kazi karakana, akajifunza mambo ya umeme. Mwaka 1911 Mzungu mwenye shamba la mpira pale Kiroka alileta pikipiki, akamchukua awe fundi wake. Betri ilikaa chini ya kiti, ikichajiwa na dinamo ndogo iliyozungushwa na mkanda. Kati ya hivyo viwili palikuwa na fyuzi, kipande chembamba cha risasi. Umeme ukizidi kinayeyuka, pikipiki inazimika, lakini haiungui. Fyuzi hizo Yakobo alizikata mwenyewe kwa mkasi kutoka kwenye karatasi ya risasi iliyofunika majani ya chai, aliyowekewa na Mehboob, mwenye duka mjini. Betri ikigoma alianza na mkanda, asije akaulaumu umeme kumbe mkanda umelegea. Kisha alitazama maji ya betri, kisha akapapasa waya mmoja mmoja kama mtu anayetafuta mwiba mguuni.

Mjomba Stambuli, mkubwa wa ukoo wetu, alishikilia kwamba pikipiki ile ina jini. Yakobo akamwambia, "Basi msalimie, Mjomba. Shika waya huu." Mzee akashika, akarushwa akakaa chini kwa makalio, "Mama yangu wee!" Kiroka nzima ilicheka, na yeye mwenyewe akacheka.

Lakini ugonjwa mmoja wa pikipiki ile ulimshinda. Fyuzi ilikatika ovyo. Iliweza kukaa mwezi mzima imetulia, kisha siku moja ikakatika tena na tena. Iliwahi kumwacha bwana njiani na gunia la mpira, mvua inanyesha. Aliporudi, Yakobo alilazwa mbele ya vibarua akapigwa kiboko hamsa ishirini, ishirini na tano kamili. Alirudi nyumbani akalala kifudifudi, akamwambia mkewe, "Nitaupata tu huu ugonjwa."

Mkewe ni Veronika binti Hatibu wa Mkuyuni. Walifunga ndoa misheni mwaka 1909, na kikuku cha masango, nyuzi za waya wa shaba, alichovaa siku ile Yakobo alikisokota mwenyewe. Walijaliwa watoto watatu, na mmoja ametangulia. Hawakuwa watu wa kugombana mpaka jirani asikie.

Jumapili tarehe 8 Juni 1913, Kristina alikuwa hoi kwa homa, hajui mtu. Yakobo aliomba ruhusa ya kuchukua pikipiki, akapanda nayo Matombo, akamfunga dada yake mgongoni kwa kaniki, wakateremka kwenda hospitali ya Morogoro. Pale Kiroka, mbele ya nyumba yake, fyuzi ikakatika. Akaweka nyingine. Nayo ikakatika hata hawajatoka uani.

"Weka nyingine," Veronika akasema.

"Zimekwisha."

Kristina alikuwa anageuza macho. Veronika akafungua uzi mmoja wa kikuku chake, akampa. "Huu nao si waya?"

Yakobo alijua shaba haiyeyuki upesi kama risasi. Alikaa nayo mkononi. Halafu akasema, "Itatufikisha," akaifunga mahali pa fyuzi.

Haikuwafikisha. Walipofika Bigwa waya ziliungua chini ya kiti, betri ikashika moto. Yakobo aliikata kaniki kwa kisu, akamsukuma dada yake majanini. Yeye akaanguka na pikipiki, petroli ikammwagikia. Akina mama waliokuwa wanatoka sokoni waliwabeba wote wawili hadi hospitali. Kristina alipona. Yule pale mbele, mtazameni.

Yakobo aliungua kuanzia kiunoni kushuka. Siku ya tatu alimwita Maneno akamwambia, "Nimeupata. Nikiendesha peke yangu haikatiki. Akikaa mtu wa pili, au gunia, springi zinashuka, chuma cha kiti kinagusa waya uliochubuka. Nilikuwa naukalia, mwanangu." Kisha akasema, "Asilaumiwe mtu. Shaba niliiweka kwa mkono wangu." Alifariki Ijumaa tarehe 13 Juni, alfajiri.

Sasa haya maneno ya matangani. Wanasema mwanamke hafungui kikuku mume angali hai, kwamba kikuku hufunguliwa na mjane, kwa hiyo Veronika alijitangazia ujane na kumroga mumewe. Jana vyombo vyake vilitupwa nje. Leo ameambiwa asimame nyuma ya ua na asitie udongo kaburini. Desturi hiyo ipo, hakuna anayeikana. Lakini mke akimtolea wifi yake pambo la ndoa yake apone, huo ni uchawi? Jamani! Kristina aliwaambia jana, akiwa bado anayumba kwa udhaifu baada ya homa ile, "Kama kikuku kile ni uchawi, basi mimi ndiye niliyekitumia. Nitupeni nje na mimi." Na Mjomba Stambuli, kwa heshima zote, marehemu alikwambia mara ngapi kwamba hakuna jini mle kwenye pikipiki?

Marehemu ameacha mama mzazi, dada yake Kristina, watoto wake Mosi na Pili, na wapwa wanne. Na mbele ya hao wote ameacha mke, Veronika. Nyumba ya Kiroka kwa desturi ni ya mrithi, na mrithi anasema mbele ya kaburi hili: Veronika atakaa humo na wanawe mpaka atakapochoka mwenyewe. Atakayevigusa tena vyombo vyake aanze na Maneno.

Mola amlaze pema fundi wetu, asiumwe na lolote tena.

Mpisheni njia. Mama Mosi, toka huko nyuma ya ua. Udongo wa kwanza ni wako.