Aune Kettukangas na Herufi ya Ziwani

Wasikilizaji wapendwa, nyumba moja hapa kwetu kando ya ziwa ina msiba leo. Mwalimu Aune Kettukangas ametutoka. Ndiye aliyewafundisha watoto wetu wa chekechea herufi wakiwa nje, kwenye theluji. Kwa buti, si kwa kalamu. Mtoto alikanyaga herufi yake, mguu mbele ya mguu, kisha Aune akaimwagia maji ya bitiruti ili iwake nyekundu.

Asubuhi moja ya Machi aliwapeleka ziwani. Alitoboa barafu kwa kekee karibu na ukingo, akaiona nene, akaridhika. Upande ule kijito kinapoingia ziwani hakutoboa. Kosa lilikuwa hapo. Maji ya kijito huila barafu kwa chini, na theluji hufunika yote.

Pihla, binti wa miaka mitano, alitaka S kubwa kuliko za wote.

"Hiyo S au nyoka kalewa?" wenzake wakamcheka.

"Nyoka wewe!" akajibu, akazidi kwenda.

Aune alipoinua kichwa, mtoto alikuwa mkiani mwa herufi. Kati yao theluji ilikuwa imegeuka kijivu. Kijivu, wasikilizaji! Maji yalikuwa yanapanda.

"Shangazi Aune, naja!" Pihla akaita, tayari kukimbia moja kwa moja.

"Simama!" Kisha kwa upole: "Usinijie mimi, mama. Geuka. Rudi juu ya herufi yako, palepale ulipokanyaga."

"Lakini huko mbali!"

"Huko mbali ndiko kuzuri. Polepole. Niambie umefika wapi."

"Kwenye tumbo lake."

Barafu ikalia, mlio mrefu chini ya miguu. Aune alikuwa amelala kifudifudi, hathubutu kusogea. Uzito wake ungewazamisha wote wawili.

"Shangazi, inalia."

"Iache ilie. Wewe zunguka."

Pihla akazunguka. Akafika kichwani mwa S, akatoka ukingoni.

Aune hakungoja habari imtangulie. Alikwenda mwenyewe kwa Senja, mama wa Pihla, akasema: "Nilitoboa mahali pamoja tu. Kosa ni langu."

Senja alituambia jana: "Nilimfokea. Nikamwambia, mwanangu humwoni tena! Lakini Pihla alishinda ndani akiandika kwa kidole kwenye kioo cha dirisha. Nikashindwa mimi."

Basi Senja akamrudisha Pihla ziwani, akamsimamia mwalimu.

"Toboa hapa. Na pale pia."

Aune alitoboa hadi jasho likamtoka kwenye baridi ile. "Umeridhika, Senja?"

"Bado. Toboa tena."

Kisha mama akatangulia kukanyaga, mtoto nyuma yake. Tangu mwaka ule, wazazi ndio wanaotoboa barafu kabla watoto hawajaingia.

Mzee Taisto, mumewe Aune, nanyi dada zake, poleni sana. Nasi tuliobaki, kabla hatujamwita mtoto aje kwetu mbio, tutazame kwanza kilichopo kati yetu naye.