Mama wa Fishi: Sikujua Adèle, 1941–1989

Ndugu na majirani, machozi yapo, lakini leo tunamzika mtu wa kujivunia, na tutajivuna bila haya. Sikujua Adèle alizaliwa Opala tarehe 3 Mei 1941, kifungua mimba wa Papa Daudi, baharia wa mtoni, na Mama Élise. Alisoma kwa masista, na mwaka 1960 akapata diploma ya ualimu. Wanafunzi wake wanajua: ukimjibu ovyo, utarudia jibu mpaka linyooke.

Mwaka 1964 vita vilipoingia mjini, watu walikimbilia mtoni, na katika msukumano wa mitumbwi mdogo wake Léon, wa miaka sita, akapotea. Mama Élise hakupona huzuni ile. Alipofariki miaka miwili baadaye, aliacha neno moja tu: "Sikujua, umutafute." Sikujua alikuwa ameshafunga ndoa, tarehe 14 Agosti 1965, na Pierre, fundi wa mashine bandarini, naye Papa Pierre akaibeba ahadi ile pamoja na mkewe.

Ndiyo maana mwaka 1968 aliacha chaki, akaingia ofisi ya parokia iliyotafuta waliopotea vitani. Alikuta kila aliyepotea ana fishi yake, kadi ngumu, na habari zote zimemwagwa humo: jina, kijiji, kovu, hata sala. Ukitafuta kovu, usome zote. Akazichora upya, kila habari na kijumba chake: jina hapa, mahali pale, umri kwa tarakimu, alama ya mwili kwa maneno.

"Chumvi na sukari havikai mu kopo moja," alimwambia Papa Zacharie, mkuu wa ofisi. Watu wakaanza kupatikana. Léon, wapi!

Siku moja mwaka 1974 alikuwa anatwanga ndizi za lituma, binti yake Hélène akaja analia: gauni la shule la mwaka jana limemkataa. Sikujua akalitazama lile gauni, akatupa mchi, akaenda ofisini mbio na ndizi mikononi. Papa Pierre alikula mkate siku ile, na hajaacha kulalamika.

"Papa Zacharie, tunatafuta watoto, na watoto hawako tena," alisema. "Umri unatembea. Mwaka wa kuzaliwa unakaa."

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Fishi ya Léon ilikuwa bado inatafuta mtoto wa miaka sita, na kijana wa watu anaota ndevu! Akafuta umri kote, akaweka mwaka wa kuzaliwa. Akapanua kijumba cha jina kipokee majina yote, la nyumbani, la ubatizo na la mlezi, akaongeza jina la mama mzazi. Hapo Papa Zacharie aliogopa, maana serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya ubatizo, na huyu mama anayatengenezea mahali. Sikujua hakutikisika. "Mama anayetafuta mutoto anamuita jina alilomupa," alisema. Papa Zacharie akashika kalamu, wakaandika upya pamoja.

Tarehe 9 Juni 1975 aliingia kijana mvuvi kutoka Barumbu. Huko aliitwa Bolaya, na walezi wake walimhesabia kuzaliwa mwaka 1958. Alikumbuka kwamba kwao aliitwa Léon, kwamba mama yake ni Élise, na kwamba moto ulimchoma kiwiko cha kushoto. Papa Zacharie akamwandikia fishi, akavuta ile ya Léon, akaziweka mbili pamoja, akatuma mtu kumwita Sikujua. Kijana alimtazama sana.

"Yaya," alisema, kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa, "nilizani uko murefu."

Sikujua akacheka na kulia kwa pamoja, na parokia nzima ikapiga vigelegele. Wengi mlio hapa mlipatikana kwa vijumba vile vile.

Kisukari kilimshika mwaka 1986. Alipigana nacho kwa ubishi wake wote, na Jumamosi tarehe 11 Machi 1989 akafariki, mkono wake mkononi mwa Papa Pierre.

Ameacha mume wake Pierre, binti zake Hélène na Micheline, wajukuu, na mdogo mmoja. Jina: Léon, pia Bolaya. Mwaka wa kuzaliwa: 1958. Mama mzazi: Élise. Alama: moto, kiwiko cha kushoto. Mahali: hapa mbele yenu, anawasomea karatasi hii.

Yaya, ulimupata. Sasa pumzika kwa amani.