Mugure Aliuliza Tulikula Nini Jana

Felista Mugure Muturi, ambaye tumemleta leo Jumamosi tarehe 24 Januari 2026 hapa shambani kwake nje ya mji wa Kajiado, alizaliwa tarehe 14 Machi 1982 huko Kandara, Murang'a. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Muturi na marehemu Mama Wacuka. Wa kwanza ni Wamaitha, ambaye ndiye anawasomea haya. Mwaka wa 1987 familia ilihamia Kitengela, mtaa wa Noonkopir, wakati ambapo fisi bado walikuwa wanapita nyuma ya choo na hakuna aliyejua kwamba siku moja plotini hapo kungekosekana hata pa kuanika nguo.

Mugure alipokuwa na miaka sita, mke wa mchungaji alitutembelea akauliza, "Na hawa watoto wazuri, leo wamekula nini?" Wamaitha, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alijibu haraka: "Tumekula mayai na chapati."

Mugure akasema, "Hapana. Tumekunywa chai ya rangi. Na Maitha amelamba sukari."

Alifinywa hapo hapo, mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Alilia, lakini jibu hakubadilisha. Mgeni alipoenda, Mama alimwambia kwamba mtu akiulizwa amekula nini anasema ameshiba, basi, mambo ya sufuria ni ya wenye sufuria. Mugure aliuliza, "Na kama hatujashiba?" Ndivyo alivyokuwa, na ndivyo alivyobaki.

Alisoma shule ya msingi Kitengela na kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1996. Kuanzia 1997 hadi 2000 alikuwa katika shule ya bweni ya wasichana Kajiado, ambako aliandika barua kwa mwalimu mkuu kuhusu wadudu kwenye maharagwe. Aliadhibiwa, na maharagwe yakaanza kuchaguliwa. Baadaye alisomea diploma ya lishe Nairobi, akamaliza mwaka wa 2004. Dadake mkubwa aliishia darasa la nane, akafungua kibanda cha mboga sokoni Noonkopir, na hakuna aliyemsikia akilalamika. Kuongea alikuwa anaongea, hiyo ni kweli.

Mwaka wa 2005 Mugure aliajiriwa kwenye zahanati upande wa Oltepesi, barabara ya Magadi, na mwaka wa 2014 akahamishiwa Kajiado mjini. Kazi yake ilikuwa kupima watoto mkono kwa ule utepe wa rangi tatu na kufundisha akina mama mambo ya chakula. Hakufokea mtu. Alikuwa anafika bomani, anasalimia kwa Kimaasai, "Sopa," anaketi, anakunywa chai yote aliyopewa hata kama ina moshi, halafu ndipo anauliza: "Jana mtoto alikula nini?" Alisema ukimwuliza mtu anakula nini, atakuambia vile angetaka kula. Ukimwuliza ya jana, atakumbuka ya jana. Dadake alimwuliza kama hiyo ni lishe au ni polisi. Mugure alicheka sana. Alikuwa anacheka hata akichekwa yeye, na hiyo ilitufanya tuzidishe.

Tarehe 6 Desemba 2008 alifunga ndoa kanisani na Kimani Mburu, fundi wa mabomba, mtu mpole ambaye familia yetu ilikuwa inamhitaji. Mungu aliwapa watoto wawili, Mburu na Caro. Mwaka wa 2016 walinunua shamba hili tulilokanyaga na kujenga nyumba hiyo mnayoiona. Nyumba ni nzuri, lakini mtandao haufiki. Hilo lina maana kwa yale yanayofuata.

Januari 2023, akiwa na miaka arobaini, Mugure alijiunga na masomo ya digrii ya kufundisha lishe, ya onlaini. Alichukua uhamisho wa kazi Kitengela, na kila Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni alikuwa ananijia sokoni. Aliketi kwenye kreti nyuma ya kibanda changu, laptopu ikiwa juu ya gunia la viazi, kwa sababu hapo mtandao unashika. Mimi niliona mchezo. Nilimwambia, "Wewe mtu mzima unasoma na televisheni? Mwalimu akikuchapa utasikia?" Lakini nilimwachia nafasi, na mara moja moja nilimletea chai.

Wanafunzi wenzake walinijua kabla hawajaniona. Maiki yake ilikuwa inasahauliwa wazi, na daktari wa chuo akifundisha mambo ya madini mwilini, darasa lote linasikia, "Mama, hiyo sukuma ni ya leo, usiifinye kama hununui!" Nelima, ambaye alikuwa anasomea Webuye na ametoka huko kuja hapa, ananiita Mama Usiifinye mpaka leo. Kuna mtihani ambao sheria ilikuwa mtu asionekane kwenye kamera isipokuwa mwanafunzi. Mkono wangu ulipita nyuma yake na fungu la mboga ya terere, na Mugure akaandikia chuo barua ya kurasa mbili kueleza huo mkono ni wa nani na ulikuwa unatafuta nini. Walimwamini. Wakati huo walikuwa wanamwamini.

Sasa nafika mahali pagumu. Kamati ya mazishi iliniomba nitoe sehemu hii. Mwenyekiti aliniambia, "Mama Wainaina, hii ni wasifu, si kortini." Nilimwambia atafute mtu mwingine wa kusoma, na hakupatikana. Kimani, mume wa marehemu, aliisoma yote halafu akasema, "Iache."

Mwaka jana, 2025, Mugure alifika kwenye utafiti wake wa mwisho. Alitaka kujua sisi wanawake tunaouza chakula sokoni wenyewe tunakula nini, ili atengeneze mafundisho yanayotufaa, si yale ya kutuambia tule samaki mara mbili kwa wiki. Alichagua wanawake arobaini, mimi nikiwa mmoja wao. Kila mmoja angeulizwa mambo ya saa ishirini na nne zilizopita: ulikula nini, ulikunywa nini, kiasi gani. Alianza Jumatatu tarehe 12 Mei.

Jumapili iliyotangulia, baada ya kanisa, nilipita kwa wanawake hao mmoja mmoja. Niliwaambia, "Kesho mdogo wangu anakuja na fomu. Hizo fomu zinaenda chuo kikuu. Msiniaibishie mtoto wa mama. Semeni vitu vya maana. Semeni mayai." Nilidhani ninamsaidia apite. Pia niliogopa watu wa chuo wasome kwamba dadake mwanafunzi wao anashinda na chai na mandazi huku amekaa juu ya mboga za watu. Yote mawili yalikuwa moyoni, na sitachagua moja leo kwa sababu linapendeza.

Basi wanawake arobaini walisema mayai. Na mimi nilisema mayai, mawili.

Alhamisi tarehe 5 Juni, Mugure akiwa kwenye kreti yake, Daktari Ouma, msimamizi wake, aliuliza mbele ya darasa: "Felista, wanawake arobaini, wote walikula yai siku moja? Hilo soko liko na kuku wangapi?" Darasa lilicheka. Halafu akasema kwa sauti nyingine kwamba fomu kama hizo huwa zimejazwa na mtu mmoja akiwa ameketi nyumbani, na kwamba jambo hilo litaenda kwa kamati ya chuo.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilisikia kila neno. Nilikuwa ninapimia mteja viazi, na niliendelea kupima viazi.

Alipofunga laptopu aliniuliza, "Maitha, uliwaambia kitu?"

Nilimjibu, "Mimi? Niwaambie nini? Fomu zako ninazijua mimi?"

Aliniangalia, akakunja waya zake, akaenda nyumbani.

Kamati ilimpa nafasi ya kurudia kazi yote, na kesi yenyewe ikabaki wazi, isikizwe Februari 2026. Ndiyo maana mlimwona Agosti na Septemba akizunguka soko na bodi ya kuandikia, kwenye vumbi, mwanamke mmoja baada ya mwingine. Safari hii alianza kwa kusema yeye mwenyewe alikula nini. Mama Brayo wa nyanya alimwuliza, "Mwalimu, unataka ukweli ama unataka mayai?" Akamwambia ukweli: alichemsha nyanya zilizokataliwa na wateja, akatia chumvi, na nusu akawekea watoto. Mugure aliandika. Ukweli ulipatikana kwa wanawake thelathini na tisa. Wa arobaini alikuwa mimi. Kila akija alisema, "Maitha, umebaki wewe tu." Nami nilisema kesho. Nikimwambia chai na mandazi, yale mayai ya Mei yangekuwa ya nani?

Katika miezi hiyo alikuwa ameanza kuugua. Tangu Mei chakula kilikuwa kinamkwama kooni. Jumapili moja nyumbani kwangu alibakisha ugali, akanywa supu tu. Nilimwambia mbele ya watu, "Kula wewe, ama siku hizi unakulia kwa kompyuta?" Watu walicheka, naye akacheka. Akasema, "Nimeshiba." Huyo ni mtoto aliyekataa kusema ameshiba akiwa na miaka sita, na akiwa na mkono wangu kwenye nyama yake. Nilipaswa kujua. Tena alikuwa ameshakonda. Mimi nilisema kwamba masomo yamemtia maringo. Aliwauliza wanawake wa soko zima walikula nini jana, na mimi nikiwa dadake sikumwuliza yeye hata siku moja.

Hakukubali kwenda hospitali mpaka fomu ziishe. Tarehe 9 Oktoba alipimwa Nairobi, akapatikana na saratani ya koo la chakula, ikiwa imeenda mbali. Kimani aliuliza iwapo zile wiki nane za sokoni zingesaidia kama angeletwa mapema. Daktari wa hospitali hakusema zingesaidia. Hakusema pia hazingesaidia. Ninajua ni nani aliyezifanya ziwe lazima.

Alitibiwa kwa subira, akarudishwa nyumbani Desemba. Krismasi alikuwa anakunywa uji kwa kijiko cha mtoto, na Caro alikuwa anaandika kila kijiko kwenye daftari kwa sababu mamake alimfundisha hivyo. Nilipomtembelea baada ya mwaka mpya aliniuliza, kwa sauti iliyobaki, "Maitha, jana ulikula nini?" Fomu ilikuwa hapo kando ya mto wake. Nilimwambia, "Pumzika wewe, mimi nimekula vizuri." Aliigeuza ile karatasi ikalala kifudifudi.

Alituacha Ijumaa tarehe 16 Januari 2026, saa nne asubuhi, mumewe akimshika mkono.

Jumanne wiki hii, baada ya maombi ya jioni, Mama Brayo aliniambia jambo. "Mama Wainaina, Mwalimu alijua ni wewe. Mimi nilimwambia Agosti, mdomo wangu unaujua. Akaniambia nisikutajie, utashindwa kuuza." Na Nelima, aliyekuwa shahidi wake mbele ya kamati kwa njia ya laptopu, akasema kwamba kule mwezi wa nane mwishoni, kwenye mahojiano ya kwanza, walimwuliza Mugure waziwazi, "Ni nani aliwafundisha hao wanawake majibu?" Akajibu, "Kosa ni langu. Sikuwauliza vizuri." Miezi mitano alijua, akaja kuketi nyuma yangu, akanywa chai yangu, akaniambia asante.

Daktari Ouma, nimeambiwa uko hapa. Tafadhali chukua nakala mbili za karatasi hii, moja yako na moja ya kamati ya Februari. Felista Mugure hakujaza fomu nyumbani. Alidanganywa na watu arobaini kwa amri ya mmoja, na jina la huyo mmoja limechapishwa juu hapo. Wanawake wa soko wameweka sahihi nyuma ya nakala yako. Mambo ya digrii ni yenu, sitawaambia la kufanya. Lakini msimwandike mwongo. Mwongo mko naye hapa, amesimama.

Marehemu ameacha mume, Kimani Mburu, watoto, Mburu na Caro, dada, Wamaitha, na mpwa, Wainaina. Ameacha pia wanafunzi wenzake, ambao leo ndio mara ya kwanza kuwaona kutoka kifuani kwenda chini, na akina mama wa Oltepesi, Kajiado na Noonkopir ambao watoto wao aliwapima mkono.

Fomu nambari arobaini ilikuwa tupu. Nelima ameniambia itajazwa kama nitajibu. Inauliza ya jana, na karatasi hii inaenda kuchapishwa Alhamisi, kwa hiyo ninajibu ya Jumatano tarehe 21. Asubuhi: chai ya rangi, kikombe kimoja. Saa saba: mandazi moja, sikuimaliza. Jioni: chai ya rangi. Mboga: hakuna, na nilikuwa nimeketi mbele ya mafungu sitini. Mayai: hakuna. Mwezi wa Mei pia hayakuwako.

Andika hivyo, Mugure. Kisha ulale kwa amani mikononi mwa Mungu, mtoto wa Wacuka. Hakuna atakayekufinya tena.